Mtoto anacheua kila akishiba: daktari mmoja kaandika vipimo vitatu, mwingine kasema hapimwi chochote. Nimfuate nani?

#1 MamaNasra
Habari za jioni wanajukwaa. Niko Makorora, Tanga. Binti yangu ana miezi mitatu, ananyonya ziwa tu, maji hajaonja. Akishiba anacheua. Bega langu, kanga, godoro, mpaka ndevu za baba yake. Siku nyingine yanatokea na puani. Mwenyewe hana habari, anacheka.
Daktari wa kwanza aliniandikia karatasi: altrasaundi ya tumbo, picha ya bariamu, na kipimo cha kupitisha mrija puani kupima asidi saa 24. Hicho cha mwisho akasema nikitafute Dar. Nikaenda kwa daktari wa pili. Akamvua nguo, akamtazama, akafungua kadi ya kliniki, akasema, "Huyu hapimwi chochote, mrudishe nyumbani." Hela ya kumwona daktari imeisha kwa dakika tano!
Sasa nimfuate nani? Mama mkwe naye ana lake, nitalisema baadaye nikipata ujasiri.

#2 ChudaBoy
Siti ya mbele. Nasubiri lile la mama mkwe.

#3 BiMkubwaMikanjuni
Pole mwanangu. Hilo ni chango, wala usihangaike na mirija. Alipotoka arobaini mlimfunga mvuje? Siku hizi mnaona haya kwa ile harufu. Mnawatoa watoto magharibi kichwa wazi, kila mpita njia anamshika shavu, akipigwa zongo mnakimbilia eksirei. Mvuje kidogo kwenye kitambaa cheusi, mkononi, na wewe mzazi punguza vitu vya baridi.

#4 NesiMstaafu
Kabla hatujafika kwenye chango wala Dar, MamaNasra nijibu haya. Yanayotoka ni meupe, ya njano au ya kijani? Yanamwagika mdomoni au yanaruka mbali? Yalianza akiwa na umri gani? Homa? Damu kwenye choo au kwenye matapishi? Nepi zinalowa? Na kubwa kuliko yote, alizaliwa na kilo ngapi na juzi kliniki alisoma ngapi?

#5 MamaNasra
Asante dada. Meupe, mengine yameshaganda. Yanamwagika tu, hayaruki. Yalianza kabla ya mwezi wa kwanza kwisha. Homa hana, choo ni cha njano cha kawaida, damu sijaona. Namvalisha nepi za kitambaa na zinalowa hasa, muulize anayefua. Alizaliwa kilo 3.1, juzi kilo 6 kamili.

#6 NesiMstaafu
Basi mizani imeshajibu nusu ya swali lako. Kilo 3.1 mpaka 6 kwa miezi mitatu ni zaidi ya gramu 30 kwa siku. Mtoto wa umri huu akiongeza gramu 20 mpaka 30 kwa siku sisi tunashukuru. Kwa hiyo anachomwaga ni ziada, ingawa ukikitazama kwenye kanga unaapa ni ziwa zima. Fanya jaribio: mimina kijiko kimoja tu cha maziwa juu ya kanga kavu, uone kinavyotambaa.
Ule mlango ulio juu ya tumbo kwa mtoto mchanga bado unalegea ovyo. Njia yenyewe ya chakula ni fupi, chakula chake ni cha majimaji tu, na muda mwingi yuko chali. Mtoto mwenye afya yake anaweza kurudisha maziwa mara 30 au zaidi kwa siku, mengine yanaishia njiani huyaoni. Mara nyingi hali hushika kasi karibu na mwezi wa nne, halafu hupungua akianza kukaa, na wengi sana huwa wameacha wakitimiza mwaka au mwaka na miezi michache.
Daktari wa pili hakukudharau. Yale maswali ndiyo kipimo.

#7 BabaPacha_Kange
Nesi nakuheshimu, ila hayo maneno ya "mrudishe nyumbani" yalitaka kuniulia mtoto. Mmoja wa mapacha wangu, wa kiume, alianza hivyo hivyo wiki ya tatu. Tukaambiwa kucheua ni kawaida, mcheulisheni vizuri. Siku zinavyokwenda yakawa yanaruka, yanafika ukutani, kitanda chenyewe hakijagusana na ukuta. Akimaliza kutapika analia njaa, anataka ziwa tena, ananyonya kwa pupa, anarusha tena. Pacha wake ananenepa, yeye uso unakuwa wa kizee. Nepi ikawa inakaa kavu tangu asubuhi.
Aliyetuokoa ni daktari mmoja wa zamani. Hakukimbilia mashine. Alimwambia mama yake amnyonyeshe pale pale, akamlaza, akasogeza taa pembeni, akainama akawa anatazama tumbo kwa ubavuni. Tukaona kitu mfano wa yai kinaviringika chini ya ngozi. Kinaanzia chini ya mbavu za kushoto, kinaenda kulia taratibu, kinazama, kingine kinaanza. Akabonyeza kulia juu ya kitovu, akasema "hiki hapa". Altrasaundi ilikuja baadaye kuthibitisha. Akafanyiwa oparesheni, leo anasumbua mtaa mzima.
Sasa niambieni, bila kipimo tungejuaje?

#8 ShangaziPongwe
Subhanallah. Pole baba.

#9 NesiMstaafu
BabaPacha, ndiyo maana niliuliza yanaruka au yanamwagika, na kilo ngapi. Wako alikuwa anapungua. Wa MamaNasra anapanda. Hizo ni safari mbili tofauti.

#10 MpigaAltrasaundi
Nimeitwa huku na rafiki. Niweke sawa jambo moja kwa sababu naona linachanganywa kila siku hata na wanaotuandikia fomu.
Altrasaundi haiandikwi kutafuta kucheua. Ukiniletea mtoto aliyetoka kunyonya naweza kuyaona maziwa yakipanda, lakini nitayaona kwa mtoto mzima na mgonjwa sawasawa, kwa hiyo sijakusaidia. Tunachotafuta ni alichokuwa nacho pacha wa Kange: misuli ya mlango wa kutokea tumboni imenenepa, chakula hakipiti kwenda utumboni. Tunapima unene wa ule msuli. Ukifika milimita 3 au zaidi, na njia yenyewe imerefuka, na maziwa yanagonga hayapiti, jibu limepatikana. Haina mionzi, haiumi. Ugonjwa huo hujitokeza zaidi wiki ya pili mpaka ya nane, na wavulana wanaupata zaidi kuliko wasichana, karibu wanne kwa mmoja. Binti wa miezi mitatu anayenenepa, nikipokea fomu yake nitampima kwa sababu imeandikwa, lakini moyoni najua nitakachokiona.

#11 ChudaBoy
Kwa hiyo mkuu unapima kitu unachojua hakipo na hela unapokea?

#12 MpigaAltrasaundi
Mimi nalipwa mshahara, hela anapokea keshia 😂

#13 Mwanachuo_Tabibu
Oparesheni aliyofanyiwa pacha ina zaidi ya miaka mia. Daktari Mjerumani Conrad Ramstedt ndiye aliyeieleza mwaka 1912: unapasua msuli kwa nje tu, ngozi laini ya ndani unaiacha nzima. Na mtoto hakimbizwi chumba cha oparesheni siku ile ile. Kwanza anapimwa chumvi za damu, kwa sababu akitapika sana kloridi na potasiamu vinashuka, halafu anawekewa dripu mpaka zikae sawa. Hicho nacho ni kipimo ambacho karatasi ya MamaNasra haina, na kwa mtoto anayetapika kwa nguvu kina maana kuliko bariamu.

#14 ChudaBoy
Mjerumani huyo ndiye aliyejenga lile jengo la zamani la Bombo linalotazama bahari?

#15 MzeeRaskazone
Hapana kijana. Lile ni la enzi za ukoloni wa Mjerumani, huyo daktari alikuwa kwao Ujerumani anapasua watoto. Si kila Mjerumani alipita Tanga. Ingawa waliopita walikaa, tofauti na nyie waja leo waondoka leo.

#16 MamaNasra
Jamani turudini. Na hiyo bariamu je?

#17 MpigaAltrasaundi
Bariamu ni dawa nyeupe anayonyweshwa mtoto, halafu anapigwa eksirei inayoendelea, unaona inavyoshuka. Watu wengi wanadhani ndiyo picha ya kucheua. Shida ni kwamba unamtazama kwa dakika chache tu. Mtoto mzima anaweza kurudisha katika dakika hizo ukamwita mgonjwa, na mgonjwa akatulia ukamwita mzima. Na mionzi anaipata.
Kazi yake hasa ni kutazama umbo: njia ya chakula iliyobanwa, au utumbo uliokaa vibaya tangu tumboni mwa mama ukaweza kujisokota. Huyo ndiye mtoto anayetapika KIJANI. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Mtoto mchanga akitapika kijani usiulize jukwaani, usisubiri kuche. Utumbo uliojisokota damu haifiki, na kinachohesabiwa ni saa.

#18 BabaPacha_Kange
Umbo si lazima lijionyeshe kwa kijani siku ya kwanza. Mimi ningekuwa MamaNasra ningepiga bariamu nikalala usingizi. Mionzi kidogo si kitu mbele ya mtoto.

#19 MpigaAltrasaundi
Ningekuelewa kama ungekuwa umeona hata dalili moja. Bila dalili unapiga picha kutuliza moyo wa mzazi. Hilo nalo lina bei.

#20 BabaPacha_Kange
Moyo wa mzazi nao ni kiungo mkuu. Tukubaliane kutokubaliana.

#21 Mwanachuo_Tabibu
Niongezee kwenye ule mrija wa asidi, maana ndio unaomtisha dada. Ni waya mwembamba unaopitishwa puani mpaka karibu na mlango wa juu wa tumbo, unakaa siku nzima, unarekodi. Namba ya pH ikishuka chini ya 4, yaani asidi imepanda, unahesabu. Ndicho kipimo kikuu cha

#22 Mwanachuo_Tabibu
Samahani simu imetuma kabla sijamaliza. Ndicho kipimo kikuu cha kucheua kwa asidi.

#23 DaktariMgeni
Kikuu zamani. Mtoto wa ziwa ananyonya kila baada ya saa mbili tatu, na maziwa yenyewe yanapoza asidi kwa muda mrefu baada ya kunyonya. Anachocheua muda huo si cha asidi, waya hauoni kitu, unaandika "salama" huku kanga imelowa. Ndiyo maana walileta waya wa aina ya pili wenye vipande kadhaa vya kupima umeme, unaotambua kitu chochote kinachopanda, kiwe na asidi kisiwe nayo. Na hata huo hautumiki kujibu swali la "anacheua au hacheui". Unatumika pale ambapo kuna jambo la ajabu, kwa mfano mtoto anakata pumzi au anakohoa bila sababu, na unataka kujua vinatokea pamoja au la. Endoskopi, ule mrija wenye kamera, ndiyo kabisa, hiyo ni ya kutazama vidonda na kuchukua kinyama, kwa mtoto aliyeonyesha dalili nzito.
Mwongozo wa pamoja wa madaktari wa tumbo la watoto wa Ulaya na Amerika Kaskazini wa mwaka 2018 uko wazi: anayecheua kwa furaha na anakua, historia na kumpima kwa mikono vinatosha.

#24 BiMkubwaMikanjuni
Mrija puani siku nzima kwa kitoto cha miezi mitatu! Halafu mvuje ndio ushamba. Haya, endeleeni.

#25 NesiMstaafu
Bi Mkubwa mvuje sina ugomvi nao ukiwa mkononi. Wasiuloweke wakamnywesha tu.

#26 BiMkubwaMikanjuni
Nani kasema wamnyweshe? Soma vizuri mwanangu.

#27 ShangaziPongwe
Mimi nina kesi ya vipimo. Mtoto wa mdogo wangu, miezi miwili, anacheua vile vile. Akapelekwa kwenye zahanati moja ya binafsi, siitaji. Wakamtoa damu. Majibu: taifodi ipo, na wale bakteria wa vidonda vya tumbo wapo. Mtoto hajawahi kunywa hata tone la maji ya bombani! Wakatoka na mfuko wa dawa: sindano za siku tano, syrapu mbili, na vidonge vya kusaga. Mtoto akaanza kuharisha. Kucheua kuko pale pale. Mliosoma, hii imekaaje?

#28 DaktariMgeni
Imekaa vibaya. Vile vipimo vya haraka vya damu vinatafuta kingamwili, yaani askari wa mwili wa kupigana na vijidudu, na mtoto wa miezi miwili bado anatembea na kingamwili za mama yake zilizopita kwenye kondo la nyuma. Ukimpima yeye umempima mama. Kwa watoto vipimo vya damu vya bakteria wa tumbo havishauriwi kabisa. Cha taifodi nacho kinajulikana kwa kusema "ndiyo" ovyo hata kwa watu wazima.

#29 ChudaBoy
Tanzania nzima tuna taifodi basi. Mimi kila nikipima ninayo.

#30 MziguaHandeni
Mmezunguka sana. Tazameni koo la mtoto. Kile kimeo kikiwa kirefu kinamgusa nyuma, lazima atapike. Kwetu kuna mzee anakata, dakika moja, na kucheua kunaisha.

#31 NesiMstaafu
HAPANA. Kila mtoto ana kimeo, kiko pale kwa kazi yake. Nimepokea wodini watoto waliokatwa vimeo kwa wembe na kwa waya, damu haikatiki, wengine wameingiwa na pepopunda, wengine usaha mpaka shingoni. Na kucheua "kunaisha" kwa sababu mtoto hawezi kunyonya kwa maumivu, kitatoka nini? Wasimamizi naomba post #30 iondolewe.

#32 MziguaHandeni
Mimi mwenyewe nimekatwa na niko hai. Sijamlazimisha mtu.

#33 Fatuma_Sahare
MamaNasra, wewe unakunywa nini? Wangu alikuwa anacheua, ana ukurutu mashavuni, na kwenye choo nyuzi za damu. Nikaambiwa niache maziwa ya ng'ombe na kila chenye maziwa. Mimi! Mtu wa Tanga, niache mtindi! Ndani ya wiki tatu mtoto akatulia. Hakupigwa picha yoyote.

#34 MzeeRaskazone
Mtoto wa Tanga anayekataa maziwa ya ng'ombe anyang'anywe uraia wa mkoa.

#35 DaktariMgeni
Fatuma alifanyiwa kipimo kizuri kuliko mashine nyingi, na huenda hakukitambua: mama anaacha maziwa ya ng'ombe wiki mbili mpaka nne, unaangalia. Akitulia, unayarudisha makusudi uone kama dalili zinarudi. Zikirudi, umepata jibu. Uliyarudisha?

#36 Fatuma_Sahare
Kurudisha tena? Nilivyohangaika vile? Sikurudisha mpaka alipofika mwaka, na hakudhurika.

#37 DaktariMgeni
Basi hatujui kama yalikuwa maziwa au ni umri tu ulimsaidia. Ila ile damu kwenye choo na ukurutu vinaelekea upande wako.

#38 MamaNasra
Chai ya maziwa nakunywa asubuhi na jioni, na uji wa pilipili manga. Ukurutu hana.
Haya, la mama mkwe. Anasema TUMEMBEMENDA.

#39 ChudaBoy
😂😂😂 Nilijua! Siti yangu haikuwa bure.

#40 ShangaziPongwe
Mtihani. Baba Nasra anasemaje?

#41 MamaNasra
Baba Nasra kahamia sebuleni kwa hofu. Mimi nacheka na kulia.

#42 MzeeRaskazone
Tangu zamani aliyebemendwa hukonda, miguu ikalegea, akachelewa kutembea. Hata ukifuata wazee wenyewe, mtoto wa kilo 6 hajabemendwa na mtu. Mwambie baba arudi chumbani.

#43 NesiMstaafu
Mzee umetoa hukumu kwa kutumia mizani 😂. Maziwa ya mama hayaharibiwi na tendo la ndoa. Kilichokuwa kinawakondesha watoto wale ni mama kushika mimba mapema na kumwachisha ziwa.

#44 BiMkubwaMikanjuni
Hilo la mimba wazee walilijua, wakalisema kwa staha.

#45 Ustadh_Ngamiani
Assalaam alaykum. Ndugu, wa kwangu alikuwa anacheua, halafu akawa anakunja shingo na kupinda mgongo nyuma kila akinyonya. Majirani wakasema degedege, tukamsomea. Nilimsomea mwenyewe, nikampeleka hospitali vile vile, kwa sababu dua haikatazi daktari. Kule walitaka apimwe ubongo. Hatukufika huko, akaacha mwenyewe. Kuna anayelijua hili?

#46 Mwanachuo_Tabibu
Wa alaykum salaam ustadhi. Kupo kupinda shingo na mgongo kunakoendana na kucheua, kunaitwa kwa jina la Sandifer, kumeandikwa tangu 1964. Mtoto hapotezi fahamu, na kunatokea wakati wa kunyonya au mara baada yake. Mara nyingi kunadhaniwa ni kifafa. Ila kutofautisha kwa maelezo ni vigumu, siku hizi tunashauri mzazi arekodi video kwa simu amwonyeshe daktari.

#47 DaktariMgeni
Nami nisingemlaumu aliyetaka kupima ubongo. Kutapika kukiambatana na utosi kuvimba, usingizi mzito au kichwa kukua haraka, tatizo linaweza kuwa kichwani kabisa. Na kuna kingine mmekisahau wote: mkojo. Mtoto mchanga mwenye uambukizo wa mkojo anaweza asionyeshe lolote zaidi ya kutapika na kutoongezeka uzito. Kipimo ni cha bei ndogo, na Dar hakihitaji.

#48 ShangaziPongwe
Mkojo wa kichanga unaupataje? Unasubiri na kikopo?

#49 NesiMstaafu
Hasa. Unamnyonyesha, nusu saa baadaye unamsafisha vizuri kwa maji, mmoja anamshika kwapani miguu ikining'inia, wa pili anasugua chini ya kitovu taratibu na pamba iliyolowa maji baridi. Kikopo tayari. Wengi wanaachia ndani ya dakika tano, wengine wanakuachia mkononi. Kile kimfuko cha kubandika kinadanganya, kinaokota vijidudu vya ngozi.

#50 Kibwana_Pangani
Jamani mbona omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi, hamjaitaja? Shemeji yangu mtoto wake alipewa, na alitulia. Kupewa dawa akatulia ndio kipimo cha maskini.

#51 Mwanachuo_Tabibu
Ndicho kipimo kinachodanganya kuliko vyote kwa umri huu. Mwaka 2009 Marekani walichapisha utafiti wa vichanga 162, nusu lansoprazoli, ambayo ni ndugu wa omeprazoli, nusu dawa ya kuigiza isiyo na kitu ndani. Waliopata nafuu ni asilimia 54 kila upande. Sawasawa! Na waliopewa dawa halisi ndio waliopata zaidi matatizo makubwa, hasa ya kifua. Asidi inazuia vijidudu, ukiizima unafungua njia.

#52 Kibwana_Pangani
Kwa hiyo nusu walipona kwa maji matupu? Basi mvuje wa Bi Mkubwa nao una asilimia 54 😂

#53 BiMkubwaMikanjuni
Wangu ni zaidi. Sikuandika tu.

#54 Fatuma_Sahare
Na kumlaza kifudifudi ili asipaliwe? Mama yangu alitulaza hivyo sote.

#55 NesiMstaafu
Chali, hata kama anacheua. Akilala chali njia ya hewa inakuwa juu ya njia ya chakula, kinachopanda kinarudi chini kwa uzito wake. Kifudifudi unaigeuza, na vifo vya ghafla usingizini vinaongezeka. Wala usimwekee mto. Ukitaka kumsaidia, mcheulishe katikati ya kunyonya, mbebe wima kama nusu saa akishiba, usimbane tumbo na nepi. Wala msimwongezee uji kuyafanya maziwa yawe mazito, hajafika miezi sita.

#56 BiMkubwaMikanjuni
Mbona sisi kifudifudi tulilala na tukakua?

#57 DaktariMgeni
Waliokua ndio wanaoandika humu, Bi Mkubwa.

#58 MamaNasra
Narudi na taarifa. Mkojo tumempima, nilifanya kama Nesi alivyosema, umetoka msafi (na mimi nimelowa). Uzito umepanda tena. Altrasaundi nimepiga, samahani MpigaAltrasaundi, baba yake hakulala bila hiyo. Hakuna kitu. Mama mkwe kaja Ijumaa, kamfunga mvuje, na tangu juzi anacheua kidogo. Sasa mama mkwe anadai mvuje, mimi nadai kumbeba wima, baba Nasra anadai altrasaundi.

#59 ChudaBoy
Altrasaundi imetibu?

#60 MamaNasra
Imemtibu yeye, kalala.

#61 BabaPacha_Kange
Mwacheni baba mwenzangu. Na bariamu?

#62 MamaNasra
Karatasi bado iko kwenye pochi. Daktari wa kwanza anasisitiza, wa pili anasema akifika mwaka bado anacheua, au akianza kupungua, ndipo tuzungumze.

#63 DaktariMgeni
Wa pili.

#64 BabaPacha_Kange
Wa kwanza.

#65 MziguaHandeni
Kooni mmemtazama lakini?

#66 NesiMstaafu
Wasimamizi!!